Kwa Nini Ghala Halijajengwa
Hotuba ya Kamati Tendaji kwenye harambee ya mwaka

      

 

Ndugu zetu, mmezoea hotuba hii ianze na mafanikio. Tungetaja madawati, bati za zahanati na mabomba ya maji, kisha picha zifuate. Mwaka huu tunaanza na deni. Mwaka juzi, katika ukumbi kama huu, mlichanga fedha za kujenga ghala la mboga ili wakulima wetu wasilazimike kuuza kabichi, karoti na hoho kwa bei ya kutupa kila lori linapochelewa. Wengi mmetupigia simu mkiuliza ghala liko wapi. Halijajengwa. Mnastahili kuambiwa sababu, na sababu yenyewe ndiyo ombi letu la mwaka huu.

Kiwanja cha ghala tulikipata katika kijiji kimoja cha milimani, kando ya barabara, mahali pazuri pa kupakilia. Kilikuwa sehemu ya shamba la bibi mmoja mjane, umri umepita miaka 80, masikio mazito, macho yamefifia, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. Lugha yake ni Kisambaa. Wanawe walituambia mama yao ameridhia. Kikao cha ukoo kilikaa mwezi wa Desemba, wakati watu wengi wamerudi nyumbani. Wajumbe wawili wa kamati hii walikuwepo. Muhtasari uliandikwa, mashahidi wakasaini, bibi akaweka dole gumba, na muhuri wa kijiji ukagongwa. Katika kijarida cha mwaka ule tulimshukuru kama mfadhili wetu, na picha yake ikawa kubwa kuliko zote.

Mawe na mchanga vilipokwisha kumwagwa, binti mmoja aliyepata mafunzo ya usaidizi wa kisheria alipita kijijini hapo kwa shughuli nyingine. Akamkuta bibi amekaa juu ya lile rundo la mawe. Akakaa naye. Hakukaa dakika kumi kama sisi, alikaa mchana kutwa, akiongea Kisambaa karibu na sikio lake. Alipomuuliza shamba hili amelifanya nini, bibi alijibu: "Nimewaazima watoto waweke mawe yao mpaka masika yapite. Mimi nitapanda wapi maharage?"

Tulipoletewa habari hiyo tulikasirika kwanza, tusiwafiche. Tulisema binti huyo ni mchochezi, anataka kugombanisha mama na wanawe. Tukaenda wenyewe tukiwa na ule muhtasari mkononi. Tukamwomba bibi aeleze mbele yetu, na binti yule akatafsiri. Maneno yakawa yale yale. Hakujua kwamba ametoa. Hakuna aliyemsomea karatasi kwa lugha anayoielewa na kwa sauti anayoisikia. Ardhi tukairudisha. Mawe tukayapeleka shule ya msingi ya kijiji hicho kwa msingi wa vyoo, kwa idhini ya mkutano wa kijiji. Fedha za ghala zilizobaki ziko benki, na taarifa ya mweka hazina imo katika kijarida hiki.

Ndugu zetu, tumejiuliza tulikosea wapi, kwa sababu hakuna aliyetunga uongo wala aliyeiba. Kikao kilikaa na saini zilikuwepo. Kila aliyekuwa chumbani alimpenda yule bibi. Lakini kila aliyekuwa chumbani alikuwa na jambo lake. Wanawe walitaka kutufurahisha sisi wa mjini. Viongozi wa kijiji walitaka ghala lijengwe kwao lisiende kijiji jirani. Sisi tulitaka kuja hapa mbele yenu tukiwa na picha ya msingi. Hakuna hata mtu mmoja ambaye kazi yake siku ile ilikuwa bibi peke yake.

Mila zetu zinalijua pengo hili. Mtu akitaka kuoa haendi mwenyewe kupiga hodi. Hutuma mshenga. Na mshenga ana masharti yake. Hubeba maneno ya aliyemtuma, haongezi yake. Haamui mahari, huyapeleka na kuyarudisha majibu kama yalivyo. Tena hapana mtu atakayemchukua mshenga wake kutoka nyumba ya upande wa pili. Jambo la ndoa tumeliona ni zito mno kumwachia mtu mmoja mwenye haya au mwenye hasira. Jambo la mzee kupoteza shamba, au la mtu mwenye ulemavu wa akili kuhamishwa nyumba, au la kiziwi kufutwa katika orodha ya msaada, tumeliacha liende bila mshenga.

Mtu wa namna hiyo ndiye tunayemwita mtetezi huru. Si wakili wa kwenda mahakamani, ingawa anaweza kukuelekeza kwa wakili. Si ndugu, maana ndugu naye ana sehemu yake katika urithi. Si mtumishi wa ofisi inayotoa uamuzi. Ni mtu aliyefunzwa kumsikiliza mhusika, kuhakikisha ameelewa anachoulizwa, kusimama naye kwenye kikao na kusema anachotaka yeye, hata kama mtetezi mwenyewe angechagua jingine.

Je, nchi yetu haina sheria? Ipo, tena nzuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kupata na kutumia ardhi haina nguvu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na inataka apate matunzo na ashirikishwe. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Halafu ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria, Namba 1 ya mwaka 2017. Sheria hii iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, ikaweka utaratibu wa kuwasajili watoa huduma, na ikataka msaada wao uwe wa bure kwa asiye na uwezo. Msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani kama wakili, lakini anaruhusiwa kuelimisha, kushauri, kuelekeza na kusaidia watu wapatane.

Kwa hiyo mtetezi tunayemtaka tayari ana mlango wa kuingilia. Binti yule aliyekaa na bibi ni mmoja wao. Shida yake ni nauli. Wasaidizi wa kisheria wengi vijijini wanajitolea. Ana shamba lake, ana watoto wake, na akitoka Mlola au Mtae kwenda kumsikiliza mtu ng'ambo ya bonde analipa bodaboda mwenyewe au anapanda mlima kwa miguu. Mashirika mbalimbali yamefanya kazi kubwa ya kuwafundisha, na mwaka 2023 ilizinduliwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ambayo imezunguka mikoani na kuwafikia watu wengi. Tunashukuru. Lakini kampeni hufika ikaondoka, na mradi una tarehe ya kuisha. Uzee hauna tarehe ya kuisha.

Mtatuuliza: si tunao maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na maofisa maendeleo ya jamii? Tunao, na tunawaheshimu. Ni wachache, na milima yetu ni mikubwa. Lakini hata wangekuwa wengi, liko jambo moja wasiloweza kulifanya. Mzee akilalamika kwamba amekataliwa kitambulisho cha matibabu ya bure, anayelalamikiwa ni mwajiri wa ofisa huyo huyo. Kaya ikisema imeachwa katika orodha ya walengwa wa TASAF wakati mwenye nyumba ya bati na pikipiki yumo, lalamiko linarudi mezani kwa watu walioisimamia orodha hiyo. Tusimlaumu mtumishi. Hawezi kuwa mshenga wa nyumba zote mbili.

Tuchukue mifano michache ambayo kila mmoja wetu ataitambua. Malipo siku hizi yanapita kwenye simu, na laini lazima isajiliwe kwa alama za vidole. Bibi aliyeshika jembe miaka 60, vidole vyake vimelainika hata mashine haivisomi. Laini inasajiliwa kwa jina la mjukuu. Mjukuu akiwa mwema, bibi anakula. Mjukuu akienda mjini na simu, bibi anaambiwa fedha hazijatoka. Nani atamuuliza mjukuu? Nani atauliza ofisini?

Au mtu aliyeugua akili. Milima yetu ina historia ndefu ya kuwatunza wagonjwa hao. Kule Lutindi, upande wa Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianza na makao ya watoto waliookolewa utumwani, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Irente kuna shule ya watoto wasioona na shule ya watoto wenye ulemavu wa akili. Nyumba za kutunza, basi, tunazo, ingawa hazitoshi. Kazi inakuja mtu anapopata nafuu na kurudi kijijini, akakuta chumba chake kimepewa mwingine na shamba limekodishwa. Akisema, wanamwambia bado anaumwa. Hapo ndipo anapohitaji mtu wa kusimama naye na kusema: huyu amepona, na hata kama hajapona, shamba ni lake.

Liko pia jambo la mabaraza. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kuwapatanisha wahusika, na wasipopatana ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usuluhishi ni mzuri na ni wa asili yetu. Lakini wapatanapo mwenye sauti na asiye na sauti, suluhu huegemea kwenye sauti. Na ukimwambia mzee wa Rangwi au wa Mgwashi kwamba sasa afuate haki yake wilayani, umemwambia aache. Kwa hiyo mtetezi anahitajika zaidi leo kuliko zamani, na anahitajika pale kwenye meza ya upatanisho, mapema, kabla karatasi haijagongwa muhuri.

Wenzetu wanachama mlioko Uingereza mmetueleza jinsi England walivyolifanya jambo hili kuwa wajibu wa halmashauri. Sheria yao ya Matunzo ya mwaka 2014 inasema kwamba halmashauri inapopanga matunzo ya mtu mzima ambaye atapata taabu kubwa kuelewa au kujieleza, na hana ndugu wala rafiki anayefaa kumsaidia, ni lazima imtafutie mtetezi huru. Halmashauri hulipia huduma hiyo kwa mkataba na shirika la nje, na mtetezi hawi mtumishi wa halmashauri. Anayelipa si anayeamuru. Halmashauri inalipa ili yupo mtu wa kuiambia kwamba imekosea.

Sisi si matajiri kama England, na hatuombi halmashauri zetu ziige kila kitu. Lakini mfano huo unatufundisha mambo mawili. Kwanza, utetezi ukiachiwa kujitolea peke yake utafika kwa wenye bahati. Pili, fedha zinaweza kutoka serikalini bila mtetezi kuwa mtumwa wa serikali, mradi mkataba uandikwe vizuri. Halmashauri zetu tayari zina desturi ya kutenga fedha kwa wanyonge kwa mujibu wa sheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hatuombi fedha hizo ziguswe. Tunasema tu kwamba kifungu cha bajeti kikiwepo, fedha hupatikana. Kisipokuwepo, hubaki huruma.

Kwa hiyo, waheshimiwa madiwani mlio pamoja nasi, tunawaomba mbele ya mashahidi hawa wote. Tangu mwaka 2013 tuna halmashauri mbili, ya Lushoto na ya Bumbuli. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na mapendekezo ya bajeti hupita mikononi mwenu miezi kadhaa kabla yake. Tunaomba kila halmashauri iweke kifungu kimoja, hata kidogo, cha huduma ya utetezi huru kwa wazee na watu wenye ulemavu. Huduma hiyo itolewe kwa makubaliano na taasisi iliyosajiliwa chini ya sheria ya 2017. Makubaliano yaseme waziwazi mambo matatu: kwamba mtetezi hatapewa maagizo na ofisi yoyote kuhusu shauri la mtu, kwamba siri za mhusika ni zake, na kwamba mtetezi akileta malalamiko dhidi ya halmashauri, hiyo haitakuwa sababu ya kuvunja makubaliano. Sharti la tatu likiondolewa, mengine ni mapambo.

Nasi hatuji mikono mitupu. Ombi letu kwenu wanachama ni kwamba kila mmoja achangie shilingi 5,000 kwa mwezi kwa mwaka mmoja, juu ya ada ya kawaida. Fedha hizo zitakuwa za nauli, vocha, mabuti ya mvua, na mafunzo ya kuzungumza na viziwi na wagonjwa wa akili. Tutaanza na kata chache, na kata hizo hazitachaguliwa na sisi peke yetu. Mabaraza ya wazee na vyama vya watu wenye ulemavu wilayani vitakaa nasi. Fedha zitakwenda kwa taasisi iliyosajiliwa, haitakuwa yetu, na hatutaomba kujua habari za mashauri. Tunataka kuwa wa kwanza kujifunga kwa sharti tunalowataka madiwani wajifunge nalo. Siku mtetezi atakapokuja kutuambia kwamba chama chetu kimemdhulumu mtu, tutakaa kitako tumsikilize. Mara ya kwanza ilituchukua wiki tatu za hasira.

Tunajua yatakayosemwa nje ya ukumbi huu. Itasemwa kwamba fedha hizi zingejenga kitu kinachoonekana. Ni kweli, utetezi hauna paa la kupiga picha. Lakini tumejenga vingapi vinavyoonekana juu ya mambo yasiyoonekana? Itasemwa pia kwamba tunaleta wageni katika mambo ya familia. Jamani, familia ndizo sisi. Wanaorudi Desemba na magari, wakaitisha kikao asubuhi, wakasainisha wazee mchana na kuondoka kesho yake kuteremka Soni mpaka Mombo, ni sisi. Mtetezi haji kuivunja familia. Anakuja kuipunguzia haraka.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Watu wengi husema methali hiyo wakicheka. Sisi tumemnyonga mtu bila kukusudia, kwa muhtasari uliochapwa vizuri, na tunashukuru kwamba alitokea mtu wa kutuambia mapema.

Ghala tutalijenga. Kamati inazungumza na kijiji kingine, na safari hii mwenye ardhi atakuwa na mtu wake pembeni ambaye hatukumchagua sisi. Kama jibu litakuwa hapana, tutatafuta mahali pengine. Kadi za ahadi ziko mezani kwenu pamoja na kalamu. Mweka hazina na wasaidizi wake watapita.

Na kwa wale mtakaopenda kujua: bibi yetu yu mzima. Kiwanja cha ghala msimu huu kimeota maharage, na tulipokwenda kumwomba radhi alitufungashia debe zima tuje nalo. Tumeyapika. Ndiyo mliyoyala pamoja na wali mchana wa leo.